Wakongwe wa roki wametoa albamu mpya: uchukue santuri, CD, faili au strimu?

Bendi iliyoanza kupiga enzi za santuri ikitangaza albamu mpya siku hizi, orodha ya bidhaa huwa ndefu kuliko orodha ya nyimbo. Kuna santuri nyeusi, santuri nyekundu, santuri ya mabaka, CD ya kawaida, CD yenye nyimbo za ziada, sanduku la kifahari, faili za kupakua, na Ijumaa ikifika kila kitu kiko kwenye simu. Wengi huchagua kwa rangi. Rangi ni jambo la mwisho la kuangalia, na mara nyingine ndiyo inayoharibu. Angalia kwanza dakika: albamu ina urefu gani? Kisha angalia ilivyobanwa studio, yaani sauti ndogo na kubwa zilivyosogezwa karibu ili yote isikike kubwa. Mambo hayo mawili yana uzito kuliko bei, na yote unaweza kuyajua kabla hujatoa hela.

Dakika kwanza

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, ambayo Columbia waliizindua mwaka 1948, hutulia ikibeba dakika 18 hadi 22 kwa upande. Sababu ni nafasi. Sauti kubwa, na hasa besi, hufanya mfereji, ile njia inayopita sindano, uyumbe zaidi kushoto na kulia wakati wa kukatwa, kwa hiyo mifereji lazima iachane zaidi. Upande ukizidi dakika 22 au 23, fundi wa kukata ana njia mbili: ashushe kiwango chote cha sauti, au apunguze besi. Akishusha sauti, wewe utaongeza volyumu nyumbani, na pamoja na gitaa utakuwa umeongeza mkwaruzo wa plastiki yenyewe. Muziki wenye mapumziko mengi humpa fundi nafasi ya kupumua. Roki nzito haimpi: gitaa mbili zinakoroma kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na ngoma ya mguu haikomi.

CD haina shida hiyo. Dakika ya kwanza na ya 79 zina ubora uleule, ila ikifika dakika 80 hivi nafasi imekwisha na lazima iongezwe sahani ya pili. Faili na strimu hazina ukomo wowote wa maana.

Hizi hapa albamu nne za wakongwe, zote za miaka ya karibuni, na jinsi urefu wake unavyogawanyika:

| Albamu | Urefu | Nyimbo | CD | Santuri | Wastani kwa upande |
|---|---|---|---|---|---|
| AC/DC, *Power Up* (2020) | dakika 41 | 12 | 1 | 1 | dakika 20 na nusu |
| Judas Priest, *Invincible Shield* (2024) | dakika 52 na nusu | 11 | 1 | 2 | dakika 13 |
| Metallica, *72 Seasons* (2023) | dakika 77 | 12 | 1 | 2 | dakika 19 |
| Iron Maiden, *Senjutsu* (2021) | karibu dakika 82 | 10 | 2 | 3 | chini ya dakika 14 |

Ya AC/DC ndiyo inayoikaa santuri kama kiatu cha kupimwa. Nyimbo ni fupi, sahani ni moja, na upande unaisha kabla sikio halijachoka. Bendi hiyohiyo mwaka 2008 ilitoa *Black Ice*, nyimbo 15 kwa dakika 55, na santuri zikawa mbili. Kwa hiyo usidhani kwamba kila bendi ya zamani hutunga kwa kipimo cha zamani. Zama za CD ziliwazoesha wengi kujaza nafasi kwa sababu tu nafasi ipo.

Ya Judas Priest ina kisa tofauti. Dakika 52 zingeweza kulazimishwa kwenye sahani moja, dakika 26 kila upande, na hapo ndipo gitaa za namna ile zinapong'olewa meno. Wakazipa sahani mbili. Unalipia plastiki mara mbili na kunyanyuka mara tatu, lakini mfereji unapata nafasi ya kutosha. Ukikuta albamu nyingine yenye dakika 50 na kitu imebanwa kwenye sahani moja ili iwe rahisi, iache dukani na uchukue CD.

*72 Seasons* imepona chupuchupu kwenye CD: ingerefuka dakika tatu nne zaidi, ingegawanywa. Na *Senjutsu* ni mtihani wa subira. Kwenye CD unabadilisha sahani mara moja. Kwenye santuri unanyanyuka mara tano, na nyimbo tatu za mwisho, kila moja zaidi ya dakika 10, zinataka mtu aliyekaa akatulia. Kuna wanaopenda kugeuzageuza vile. Asiyependa ajue mapema.

Kinachotokea karibu na lebo

Hili halipo kwenye tangazo lolote. Santuri inazunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Mwanzoni mwa upande, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 51 kwa sekunde. Mwishoni, karibu na lebo, ni kama sentimita 21. Sauti ileile sasa inaandikwa kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo.

Chukua mlio wa matoazi wa hezi 10,000. Wimbi lake moja kwenye ukingo wa nje lina urefu wa mikroni 51 hivi. Karibu na lebo limebaki mikroni 21. Sindano ya bei nafuu yenye ncha ya mviringo ina nusu kipenyo cha mikroni 15 hadi 18. Ncha hiyo haiwezi kuingia kwenye vijikorongo vyenye nafasi kama hiyo. Inaruka juujuu, na unachosikia ni matoazi yanayotema mate na herufi "s" za mwimbaji zikigeuka "sh". Sindano yenye ncha ya duaradufu, mikroni 8 kwa 18 hivi, hupunguza tatizo sana, na zile zilizochongwa nyembamba zaidi hulipunguza tena.

Kwa hiyo tazama wimbo wa mwisho wa kila upande. Watayarishaji wa miaka ya 1970 walikuwa na desturi ya kuweka wimbo mtulivu hapo, na haikuwa kwa ajili ya hisia tu. Albamu ya leo iliyopangwa kwa ajili ya CD mara nyingi humaliza na wimbo mrefu unaopanda hadi kilele, na kilele hicho kinaangukia pale pabaya kabisa. Kama mashine yako ina sindano ya mviringo, wimbo huo utausikia vizuri zaidi kwenye CD. Hakuna cha kubishana.

Kabla ya kulaumu santuri, lakini, hakikisha mashine yako imefungwa sawasawa. Sawazisha mkono unaobeba sindano mpaka uelee wenyewe, weka namba ya uzito kwenye sifuri, halafu zungusha hadi uzito uliotajwa na mtengenezaji wa kichwa cha sindano, ambao kwa vingi ni kati ya gramu 1.5 na 2.5. Kirekebisho kinachozuia mkono usivutwe ndani (anti-skate) kiweke kwenye namba hiyohiyo kwa kuanzia. Kisha chapisha kipimo cha karatasi cha kupangia kichwa cha sindano bila kukikuza wala kukipunguza, kivishe kwenye mhimili wa katikati, na ushushe sindano kwenye alama mbili. Kwenye kipimo kinachotumika sana, alama hizo ziko milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati. Kichwa kikae sambamba na mistari kwenye alama zote mbili. Kikiwa sambamba kwenye moja tu, sogeza mbele au nyuma milimita moja moja na ujaribu tena. Uzito mdogo kupita kiasi huharibu santuri kuliko uzito mkubwa kidogo, kwa sababu sindano nyepesi hurukaruka na kugonga kuta za mfereji.

Mashine za mkoba zenye spika ndani yake ni habari nyingine. Nyingi hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi na hazina pa kurekebisha chochote. Mwenye mashine ya namna hiyo asinunue santuri ya bei kubwa.

Mwaka 2008 na vita vya sauti

Jambo la pili, jinsi albamu ilivyobanwa, lina mfano mmoja unaotosha. Metallica walitoa *Death Magnetic* tarehe 12 Septemba 2008. Mashabiki waliocheza mchezo wa video wa Guitar Hero wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo zilisikika safi kuliko kwenye CD waliyonunua. Ngoma zilipiga, gitaa zilikuwa na hewa. Kwenye CD kila kitu kilikuwa kimesukumwa juu hadi vilele vya mawimbi vikakatwa vikawa bapa, na ngoma ya snea ikawa kama kofi kwenye boksi la karatasi. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini ombi la kutaka itengenezwe upya. Ted Jensen, aliyeifanyia mastaringi (hatua ya mwisho ya kuandaa sauti kabla ya kutolewa), alieleza kwamba miksi, yaani ala na sauti zikiwa zimeshachanganywa, zilimfikia zikiwa zimeshabanwa.

Wiki kumi baadaye, tarehe 23 Novemba, Guns N' Roses wakatoa *Chinese Democracy*. Bob Ludwig aliwaandalia mastaringi za viwango tofauti vya kubanwa, nao wakachagua ile iliyobanwa kidogo kuliko zote. Vuli moja, bendi mbili za kizazi kile, njia mbili zilizotengana kabisa. Rush nao walikuwa wameteleza mwaka 2002 na *Vapor Trails*. Mwaka 2013 ikatolewa upya ikiwa imemiksiwa kutoka mwanzo, kwa sababu mastaringi mpya peke yake isingeokoa kitu kilichoharibiwa kwenye miksi.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kama vilele vimekatwa kwenye miksi, vimekatwa kila mahali: kwenye CD, kwenye faili la biti 24, kwenye santuri ya gramu 180, kwenye sanduku. Huwezi kununua ubora ambao haukurekodiwa. Kama vimekatwa kwenye mastaringi ya CD tu, basi santuri inaweza kuwa imetoka kwenye mastaringi yake yenyewe, iliyo tulivu, na hapo ndipo inapostahili bei yake. Utajuaje? Soma majina nyuma ya jalada au kwenye ukurasa wa albamu huko Discogs, orodha ya mtandaoni ya matoleo ya muziki: je, kuna fundi ametajwa kwa ajili ya santuri peke yake? Kisha tazama sehemu laini iliyo kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Mafundi wengi huchora herufi zao hapo. "RL" kwenye nakala za kwanza za *Led Zeppelin II* ya mwaka 1969 ni alama ya huyohuyo Ludwig, na watu wanazisaka mpaka leo kwa sababu ya nguvu ya mkato wake.

Jihadhari na kitu kimoja. Kuna hifadhi ya mtandaoni inayoorodhesha namba za upana wa sauti, yaani umbali kati ya sauti ndogo na kubwa, kwa kila albamu, kutoka 1 (iliyobanwa sana) hadi 20 na kitu. Kwa CD na faili inasaidia sana. *Death Magnetic* ya CD hupata namba 3 hivi, na hiyo inakueleza yote. Lakini usiilinganishe na namba ya santuri. Kukata mfereji na kuusoma kwa sindano hubadilisha umbo la wimbi, na kipimo husoma namba kubwa zaidi hata pale ambapo mastaringi ni ileile. Wapo waliouza CD nzuri wakanunua santuri kwa sababu ya namba hiyo, wakabaki na sauti ileile pamoja na mkwaruzo.

Ukishakuwa na faili, unaweza kujionea mwenyewe. Lifungue kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure, na uangalie wimbo mzima: ukiona tofali moja nene kutoka mwanzo hadi mwisho, shaka ianze. Kisha kuza hadi uone sehemu ndogo ya sekunde, mahali snea inapopigwa. Kilele kizima ni cha mviringo au chenye ncha. Kilichokatwa kina paa bapa, na sampuli kadhaa (vile vipimo vidogovidogo vya sauti) zimejipanga kwenye mstari mmoja. Fanya hivyo kwenye nyimbo tatu, si mmoja.

CD dhidi ya faili

Ubishi huu ni mfupi kuliko watu wanavyoufanya. CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Hiyo inafika hezi 22,050, wakati sikio la kijana mwenye afya linaishia kama 20,000, na la shabiki aliyekaa mbele ya spika za wakongwe hawa miaka 30 linaishia chini ya hapo. Biti 16 hutoa nafasi ya desibeli 96 kati ya ukimya na kilele. Albamu ya roki nzito inatumia sehemu ndogo sana ya nafasi hiyo. Faili la biti 24 na sampuli 96,000 halitakuongezea kitu masikioni, isipokuwa pale lilipofanyiwa mastaringi tofauti isiyobanwa sana. Hicho ndicho cha kuulizia kabla ya kulipa zaidi.

Tofauti ya ukubwa, kwa upande mwingine, si ndogo. Albamu ya dakika 41 kwa kilobiti 320 kwa sekunde ni kama MB 98. Ile ya CD, kabla ya kufinywa, ni kama MB 434, na ikifinywa kwa FLAC bila kupoteza kitu hushuka kwa kama robo au zaidi kidogo. Roki iliyobanwa sana haifinyiki vizuri, kwa sababu haina sehemu za kimya za kubania. Ya biti 24 na 96,000 inazidi GB 1.4 kabla ya kufinywa.

Mimi naiweka CD juu ya faili la kununua kwa sababu moja tu ya kiutendaji: CD inakupa vyote viwili. Iweke kwenye kompyuta, tumia programu ya Exact Audio Copy kwa Windows au XLD kwa Mac, chagua FLAC, na uwashe AccurateRip, ambayo hulinganisha nakala yako na za watu wengine waliokopi sahani hiyohiyo. Ikilingana, nakala ni sahihi hadi biti ya mwisho. Isipolingana, safisha sahani kwa kitambaa laini ukifuta kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya data ndio unaoishinda mashine kurekebisha. Hakikisha tu sheria ya nakala binafsi katika nchi yako inaruhusu.

Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa. Kumbe upande wa maandishi ndio dhaifu. Data iko chini tu ya rangi ya lebo, imefunikwa na varnishi nyembamba, wakati upande wa chini una plastiki ya milimita 1.2 ya kuilinda. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa. Wa juu ukishatoboa karatasi ya alumini, wimbo umekwenda.

Strimu: nzuri kwa kuonja

Siku ya kwanza, sikiliza kwa strimu. Si dhambi, na inaokoa pesa. Lakini fahamu unachokisikia. Spotify husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), Apple Music kwenye −16. Albamu iliyobanwa hadi −7 inashushwa desibeli 7 huko Spotify, kwa hiyo ule ukubwa uliotafutwa studio unafutwa, na kinachobaki ni vilele bapa bila faida yoyote. Iweke albamu mpya na albamu ya mwaka 1980 ya bendi hiyohiyo kwenye orodha moja, usawazishaji ukiwa umewashwa, na usikilize ngoma tu. Ikiwa ya zamani inakupiga kifuani na mpya inakuzunguka kama ukungu, umeshajua kwamba sanduku la biti 24 halitasaidia.

Kilobiti 320 zinatosha kwa kazi hii. Ukilipia strimu isiyopoteza data halafu ukasikiliza kwa hedifoni za Bluetooth, unajidanganya kidogo: sauti inafinywa upya kabla ya kuruka hewani, na kodeki (njia ya kufinya sauti) ya msingi, SBC, kwa kawaida haizidi kilobiti 328 kwa sekunde. Waya ndio dawa.

Kinachoangusha strimu ni umiliki. AC/DC hawakuwa iTunes hadi Novemba 2012, na hawakuingia kwenye strimu hadi katikati ya 2015. Kilichochelewa kuingia kinaweza pia kuondoka, au kubadilishwa na mastaringi mpya bila taarifa, na ile uliyoizoea ukaikosa. Jambo dogo lakini linaudhi: kwenye albamu ambayo nyimbo zinaunganika bila pengo, MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, na usipokuwa na programu inayojua kuuruka utasikia mkwamo kati ya nyimbo.

Kaseti? Ni ya kumbukumbu. Nunua kama unapenda jalada.

Toleo la kifahari na masanduku

Tenganisha vitu viwili ambavyo matangazo huvichanganya: nyimbo za ziada na vikorokoro. *Invincible Shield* ya kawaida ina nyimbo 11, ya kifahari 14. *Rock Believer* ya Scorpions, ya mwaka 2022, ina 11 dhidi ya 16. Hapo unapewa muziki, na tofauti ya bei ina maelezo. Nyongeza za namna hiyo hukaa vizuri mwishoni mwa CD, ambapo unaweza kuzikata na kubaki na albamu kama bendi ilivyoipanga.

Sanduku la *Power Up*, kwa upande wake, lina kitufe: ukikibonyeza, nembo ya bendi inawaka na spika ndogo inapiga mwanzo wa "Shot in the Dark". Ndani kuna CD moja na waya wa USB wa kuchajia. Ni kichekesho kizuri, na ni CD ileile. Sanduku kubwa la *Senjutsu* lilikuja na CD, Blu-ray na vitu vya kumbukumbu; anayeona neno "sanduku" akadhani santuri zimo atasikitika. Soma orodha ya vilivyomo neno kwa neno, na uhesabu sahani.

Kuhusu rangi: santuri ya rangi moja iliyotengenezwa vizuri haina tofauti kubwa na nyeusi. Za mabaka na mchirizi hutegemea kiwanda, kwa kuwa plastiki mbili zenye joto tofauti kidogo hazitiririki sawa kwenye kalibu. Santuri ya picha ni ya ukutani. Mifereji yake imeminywa kwenye tabaka jembamba la plastiki lililofunika karatasi, na mkwaruzo wake unasikika hata wimbo ukiwa mkali. Gramu 180 dhidi ya 140 ni uzito wa mkononi: sahani nzito hupinda kidogo kwa shida, basi. Mfereji una kina kilekile.

Nani achukue nini

Mwenye mashine nzuri yenye sindano ya duaradufu, na albamu isiyozidi dakika 44 au iliyopewa sahani za kutosha, na fundi wa santuri ametajwa: achukue santuri nyeusi. Hapo unapata kitu ambacho CD haina. Albamu ya dakika 60 na zaidi iliyobanwa sana: CD ya kawaida, hata kama ukuta umejaa santuri. Asiye na mashine ya CD wala nafasi: faili la FLAC la ubora wa CD, na asilipie zaidi ya hapo kabla hajapata ushahidi wa mastaringi tofauti. Anayesikiliza kwenye gari na matembezini tu: strimu, na fedha iliyobaki iende kwenye tiketi.

Na usiagize mapema isipokuwa toleo ni la idadi ndogo kweli. Subiri wiki moja. Vipimo vya sauti vitakuwa vimetoka, na walionunua santuri siku ya kwanza watakuwa wameshaandika kama kiwanda kilikosea. Baada ya moto wa Februari 2020 ulioteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko California, mmoja kati ya watengenezaji wawili tu duniani wa sahani za laka, zile ambazo mfereji wa kwanza hukatwa juu yake, foleni za viwanda vya santuri zilirefuka, na kazi ya haraka huacha alama.

Santuri ikifika

Ikague kabla muda wa kurudisha haujapita. Ivute polepole kutoka kwenye mfuko wa karatasi, maana vumbi la karatasi lenye umeme tuli hung'ang'ania. Ishike chini ya taa moja kali na uigeuze taratibu: michubuko ya kijivujivu yenye umbo la wingu, hasa upande mmoja wa sahani, mara nyingi ni plastiki ambayo haikujaza kalibu, na itasikika kama zipu inayofungwa kwenye spika moja. Iweke kwenye mashine bila kushusha sindano, inama hadi macho yalingane nayo, na uangalie ukingo. Kupanda na kushuka kwa milimita moja kunavumilika. Ukiona mkono unaogelea juu na chini kama mtumbwi, rudisha.

Kisha shusha sindano na utazame kichwa kutoka juu. Kikienda kushoto na kulia kwa kila mzunguko, tundu halikutobolewa katikati, na noti ndefu za gitaa zitayumba kama kaseti iliyoachwa juani. Kasoro hiyo hairekebishiki kwa usafi wala kwa uzito. Piga video ya sekunde kumi ikionyesha kichwa kinavyocheza na lebo inavyozunguka, uiambatanishe na ombi la kurudisha, na utaje upande na namba iliyochorwa karibu na lebo, ili usije ukaletewa nyingine kutoka kwenye kalibu ileile.